Njiti Aliyetimiza Miezi Yake

Nisikilizeni ninyi mnaojifunza ukunga, na msinikatize. Juzi mmoja wenu, binti mzuri tu, sare imepigwa pasi mpaka inakata, alinijia hapa nyumbani Cheyo, Tabora, akaniuliza: "Bibi, zamani mlijuaje kama uzito wa mtoto ni wa kawaida?" Nikamwambia hatukujua. Akacheka, akadhani namtania. Mimi sikuwa natania hata kidogo. Hilo neno kawaida limenizeesha kuliko kazi yote ya kuzalisha, na mpaka leo nikilisikia damu inanichemka.

Kawaida ya nani? Hilo hamjiulizi. Mmeikuta chati ukutani mkadhani imeota pale pamoja na ukuta. Sisi nasi, enzi za Mwingereza, tuliikuta chati ukutani katika wodi ya wazazi. Ilitoka kwao, na watoto waliopimwa mpaka ikachorwa walikuwa watoto wa kwao. Kilo tulikuwa hatuzijui, tulipima kwa ratili na wakia. Amri ilikuwa moja: mtoto akiwa chini ya ratili tano na nusu, ahesabiwe kwamba amezaliwa kabla ya wakati. Mama yake haulizwi miezi. Mizani imesema, basi.

Daktari wetu alikuwa kijana mrefu wa Kizungu aliyejifunza Kiswahili kitabuni na akakipenda kupita kiasi. Neno alilolipenda kuliko yote ni wastani. Wastani wa hiki, wastani wa kile, mpaka wodi nzima tukamwita Bwana Wastani, yeye mwenyewe akiwa hajui. Hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningemchukia nikapumzika. Alikuwa mwema na mbishi, na mtu wa namna hiyo, wanangu, anakuchosha mpaka mifupa.

Sasa, mwezi wa Rajabu mwaka mmoja, alijifungua pale kwetu msichana aitwaye Nyamizi. Kwao ni Choma, watu wa mashamba na ng'ombe, lakini aliolewa hapa mjini kwenye nyumba ya Bi Tausi, mwanamke wa ukoo wa zamani, watu waliokaa Tabora tangu zama za misafara. Mumewe Nyamizi, Idi, ndiye mtoto wa kiume pekee wa Bi Tausi. Walioana, wakafunga Ramadhani pamoja, na sikukuu ilipokwisha tu, Idi akapanda treni kwenda Morogoro kukata mkonge kwa mkataba.

Mtoto alikuwa wa kiume, mwembamba, na sauti ya kuamsha mtaa. Nilimpokea mimi. Nilimtazama nyayo, zimejaa mikunjo. Nikamkunja sikio, likaruka kurudi mahali pake. Kucha zilishapita ncha za vidole. Mtoto aliyekuja kabla ya wakati nyayo zake ni laini, na sikio lake likikunjwa linalala hapohapo. Haya mnayo kwenye vitabu vyenu siku hizi, msiyapuuze. Tukamweka kwenye mizani: ratili tano na wakia chache.

Bwana Wastani akapita, akatazama mizani, akatazama chati. Halafu, badala ya kuniambia mimi kwa Kiingereza cha kazi, akamgeukia Bi Tausi aliyekuja kumwona mjukuu, akatabasamu, akatoa Kiswahili chake chote.

"Mama, usiogope. Mtoto huyu ni njiti."

Lo! Natamani ningemziba mdomo na pamba. Njiti! Mnajua njiti ni nini kwa mtu wa mtaani? Ni mtoto wa miezi saba. Neno halina maana nyingine.

 Bi Tausi aliinua mkono akaanza kuhesabu kwa pingili za vidole, midomo inacheza. Rajabu, akarudi nyuma, akarudi nyuma.

"Miezi saba nyuma ni Mfungo Tatu," akasema. "Mfungo Mosi, Ramadhani ilipokwisha tu, mwanangu alikula sikukuu hapa akaondoka. Mfungo Tatu yuko Morogoro na mkonge wake. Basi, Nyamizi, nieleze. Mfungo Tatu ulikuwa na nani?"

"Mama, naapa..."

"Usiape, damu ya uzazi haijakauka! Daktari mzima kasema. Mimi nimesema?"

Nikaingilia. "Bi Tausi, hebu tazama nyayo za mtoto. Huyu ametimiza miezi yake. Ni mdogo tu wa mwili."

"Wewe ulisoma kumzidi daktari?"

"Sikusoma kumzidi. Tazama nyayo!"

"Nyayo ndizo zinazohesabu miezi?" Akajitanda kanga yake. "Siku ya saba mtoto huyu hatanyolewa nywele nyumbani kwangu. Mwanangu akirudi nitamweleza mwenyewe, na talaka ataitoa kabla hajaketi."

Akaondoka. Nyamizi alilia bila sauti, akamkumbatia mtoto mpaka nikaogopa atambana pumzi. Baada ya siku chache kaka yake alikuja kumchukua, wakapanda lori kurudi Choma, aibu tupu. Na mtaani Cheyo kila mtu alishasikia kwamba kwa Bi Tausi kuna njiti wa Rajabu.

Nilimwendea Bwana Wastani nikiwa nimefura. Nikamwambia, "Daktari, ulilosema lifute."

"Lipi?"

"Njiti."

Akashangaa kabisa. Akanieleza kwa utaratibu, kama vile ananifundisha, kwamba siku hizi madaktari wakilitumia neno lile kwa lugha yao wanahesabu uzito. Miezi haimo.

"Kwa Kiswahili chetu linahesabu miezi," nikamwambia, "na miezi inahesabu waume."

 Neno lilipomwingia, shingo ikamwiva hadi masikioni. Nikamweleza habari za Idi na mkonge na talaka inayomsubiri Nyamizi. Akakaa chini.

"Unataka nimwambie yule mama kwamba mtoto ni wa kawaida?"

"Ndiyo! Leo hii!"

"Nitasema uongo. Sijui kawaida ya watoto wa hapa. Na wewe hujui. Umewaona wengi, lakini nani amewapima vizuri, wale wazima, waliotimiza miezi?"

Jamani, nilitaka kumpiga na beseni. Kwa sababu alikuwa amesema kweli. Hakuna aliyewapima. Mizani ilikuwepo, watoto walikuwepo, lakini kila tulichokipima tulikilinganisha na watoto wa mbali. Basi akasema tupime wa kwetu mpaka tujue. Nikamwuliza kama Idi atatusubiri, yeye akaniuliza mikataba ya mkonge ni ya wastani wa miezi mingapi. Niliondoka.

Ndivyo tulivyoanza, na mkifikiri ni kazi ya kuweka mtoto na kusoma namba, mna bahati yenu.

Aliyeniongoza mimi alikuwa mkunga mkuu wa wodi, Mama Veronika, mama wa Kinyamwezi mnene, Mkatoliki wa kusali kila alfajiri na kugomba mchana kutwa. Yeye ndiye aliyemwambia daktari jambo la kwanza: kwamba watoto wa hospitali si watoto wa kupima. Enzi zile mwanamke mzima anazaa nyumbani na mkunga wa mtaani. Anayeletwa hospitali ni aliyekwama, aliyevimba miguu, mwenye homa. "Unataka kujua afya kwa kuhesabu wagonjwa?" akamwuliza. Bwana Wastani akakubali papo hapo, nami nikazidi kukasirika, maana ilimaanisha baiskeli. Mama Veronika na mimi, mizani ya kuning'inia kwenye kapu, jua la Tabora utosini, kutoka Cheyo mpaka Isevya mpaka vijiji vya nje.

Mlangoni anasalimia yeye, "Mwangaluka," na anakaa. Hapimi mtu mpaka aulize habari za kuku. Mimi nilikuwa naungua ndani kwa haraka, nikimwona Idi akishuka kwenye treni kila siku ya Mungu. Siku moja nikamsukuma kidogo aharakishe. Akanitazama, akaanza kuuliza habari za bata.

Halafu miezi. Tulitaka watoto waliotimiza, kwa hiyo lazima ujue mama alianza lini. Mwulize tarehe, atakukodolea macho. Nilimwuliza mmoja mimba ilianza lini, akaniambia, "Kumbikumbi walikuwa wanaruka." Mwingine, "Tulikuwa tunapalilia karanga." Waislamu wa mjini wana mifungo yao, hao walau wanahesabika. Kwa wengine nilijifunza kuuliza: mara ya mwisho ulipoona siku zako mlikuwa mnakula nini? Mwanamke anakumbuka alichokula. Kisha unakaa na Mama Veronika mnabishana kumbikumbi wa mwaka ule waliruka lini, na daktari anasubiri jibu.

Na mizani yenyewe! Watu wa Tabora wameuza asali na nta tangu babu zao, na wanajua mkono wa mchuuzi unavyoibia kwenye mizani. Kwa hiyo bibi wa mtoto anasimama karibu na kukuamuru: "Mikono juu!" Unapima mtoto wa watu na mikono umeinua kama jambazi aliyekamatwa. Nilichukia, lakini nawaambia, hiyo ndiyo namna nzuri ya kupima. Kanga pima kwanza peke yake. Hirizi usimvue mtoto kwa nguvu, tafuta nyingine inayofanana nayo, uipime pembeni, utoe. Mshale urudi kwenye sifuri kabla ya kila mtoto. Mama Veronika alikuwa akinirudisha toka mlangoni kama sikuutazama.

Kichwa tulikipima kwa futi ya kitambaa, ile ya fundi cherehani. Sasa Bwana Wastani alikuwa ametoa amri kwamba kila kinachomgusa mtoto kichemshwe. Tukachemsha. Kila asubuhi futi sufuriani pamoja na mikasi. Baada ya muda akaja na uso umemshuka: vichwa vya watoto vinaongezeka, anaogopa kuna ugonjwa wa maji kichwani umeingia mjini. Alitaka kuwaita akina mama wote warudi! Mama Veronika akaichukua futi, akailaza juu ya rula ya mbao. Ilikuwa imerudi kama sweta la kufuliwa kwa maji moto. Hakuna kichwa kilichoongezeka, inchi ndizo zilizopungua. Tukazifuta hesabu zote zile. Kazi ya jua lote lile, tukafuta! Nililia kwa hasira mle stoo, wala sioni haya kusema.

Urefu ndio ulituletea ugomvi kabisa. Nyumba ya kwanza ya Waislamu tuliyoingia, nikamlaza mtoto chali, nikamnyoosha miguu, nikatoa futi. Bibi yake akapiga ukelele. Mtoto akapokonywa. "Anayepimwa amelala ni maiti! Unampimia mwanandani mjukuu wangu?" Kweli, aliyekufa ndiye anayelazwa akapimwa urefu ili wachimbaji wajue kaburi. Tukafukuzwa, na habari ikatangulia mbele yetu nyumba hadi nyumba. Bwana Wastani alisema tuwaelimishe. Mama Veronika akasema elimu ni ndefu kuliko kaburi, akaenda kwa seremala, akatengenezewa kitanda kidogo cha mbao chenye alama ubavuni. Unamlaza mtoto umbadilishe nguo, kichwa kinagusa ubao wa juu, unamnyoosha mguu huku unamchekea, jicho lako linasoma alama. Futi haikuonekana tena. Hakuna aliyelalamika.

Sasa sikilizeni kilichotokea, maana hakuna aliyekipanga. Kupima kukawa fasheni! Wale waliotufukuza wakaanza kutuita. "Wa kwangu ratili saba!" "Wa dada yangu saba na nusu!" Wanawake wanatambiana kisimani kwa uzito wa vitoto. Nilichukia kuliko nilivyochukia kufukuzwa. Tunataka kujua watoto wazima wanaanzia wapi na wanaishia wapi, wao wamefanya mashindano.

Na aliyetaka kushinda ni nani? Bi Tausi. Binti yake Mwajuma alijifungua palepale nyumbani, mtoto wa kike, na Bi Tausi akatuma mtu hospitali twende na mizani. Alikuwa amewaalika majirani, ukumbi umejaa. Bwana Wastani naye akataka kuja, nikaomba Mungu asifungue mdomo.

"Shikamoo, Bi Tausi," nikasema.

"Marahaba. Pimeni, watu waone."

Mume wa Mwajuma, fundi viatu, alikuwa ameketi uani. Huyo hajalala nje ya Tabora tangu aoe, kila mtu pale anajua. Nikaweka mtoto kwenye mizani. Mshale ukatulia kwenye ratili tano kamili.

 Niliitamka namba kwa sauti, maana alitaka watu waone.

"Mizani mbovu," akasema Bi Tausi.

"Tupime tena."

"Mikono juu!"

Nikainua mikono. Mama Veronika naye akainua yake, ingawa alikuwa mbali. Ratili tano kamili. Nikamwona Bwana Wastani anavuta pumzi kutaka kusema, midomo imeshaumba ile sauti ya kwanza, nji, na Mama Veronika akamkanyaga mguu na uzito wake wote. Akafumba mdomo. Akafikiri. Halafu akasema polepole, na hapo nilimsamehe nusu ya makosa yake:

"Mama, tumepima watoto wengi wa hapa waliotimiza miezi. Wadogo kama huyu wapo, na ni wazima. Huyu ni wa kawaida. Nilipokuambia lile neno kuhusu mtoto wa mwanao, nilikosea. Sikujua."

Bi Tausi alimtazama mjukuu wa binti. Nikaona pingili zimeanza kuhesabiwa, Mfungo huu, Mfungo ule, kisha kidole gumba kikasimama katikati.

Nikashindwa kujizuia. "Yule wa Nyamizi alikuwa mzito kuliko huyu, Bi Tausi. Huyu naye tumtafutie baba mwingine?"

"Nyamaza," akasema, lakini sauti haikuwa na nguvu. Akawageukia majirani. "Haya, nendeni makwenu. Mmekwisha kuona."

Kesho yake alipanda lori kwenda Choma. Mwenyewe, bila kutuma mtu, mwanamke asiyetoka mjini hata kwa harusi. Alivyoombaomba huko sijui, Nyamizi hakunisimulia, ila alikaa siku kadhaa ndipo wakampa mkwe. Idi aliporudi alimkuta mkewe nyumbani na mtoto anatambaa. Nywele za kwanza walikwisha kumnyoa Choma, bila baba, bila shughuli. Hilo halikurudishwa.

Mnadhani mambo yaliisha? Bwana Wastani alichora chati ya watoto wetu kwa mkono wake, akaitundika ubavuni mwa ile ya Uingereza. Nikamwomba aitoe ile ya zamani. Akasema hana ruhusa. Basi zikakaa mbili, na kila mwuguzi mgeni anauliza afuate ipi. Alipohamishwa, ukuta ukapakwa chokaa, na mpakaji akairudisha iliyopigwa chapa. Ya kuchorwa kwa mkono akaona ni karatasi chafu. Mnaona ninavyotaka kupasuka?

Na mtoto. Jina lake ni Rajabu bin Idi, lakini hapa Cheyo uliza Rajabu uone kama utaelekezwa. Uliza Njiti, hata mtoto mdogo atakuonyesha mlango. Alikua, akawa pandikizi la mtu, fundi wa reli, anainama kupita mlangoni kwangu, na bado ni Njiti. Mstari wa chati tuliusogeza. Lile neno lilikwisha kutoka mdomoni.

Mwaka aliopata mtoto wake wa kwanza nilikuwa nimeshastaafu. Alikuja kunichukua hapa, nikamkuta mkewe kitandani, mama wa mkewe, shangazi, jirani, wote wamejipanga. Mtoto nikamtazama nyayo. Nikamkunja sikio. Nikamweka kwenye mizani yao mpya ya kilo, nikanyoosha mgongo niseme.

Njiti akanishika mkono. "Bibi, subiri. Mama yangu Nyamizi kanituma nikwambie kitu kabla hujasema."

"Kasemaje?"

"Kasema, watoe watu nje kwanza."

Nikawatoa wote.